Mabati mawili na kitu katikati: namna kitu chepesi kinavyopokea pigo

*Maneno haya yalisemwa na fundi wa vyuma, mwanachama wetu anayetoka Kabambare, katika mkutano wa wanachama hapa Kasongo. Wafadhili wawili waliotutembelea walikuwapo. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tumepunguza marudio tu. Maswali ya mwisho ni ya wanachama na wageni.*

  

Komite iliniomba niseme juu ya mambo matatu yaliyo mezani leo. La kwanza ni milango ya depo yetu ya mchele na karanga. La pili ni zile paneli ambazo wafadhili wametuuliza kama zinafaa kwa chumba cha dawa. La tatu ni kaske za vijana waliochukua pikipiki kwa mkopo wa chama. Kuna walioniuliza pale nje: "Fundi, mlango, chumba na kaske, utaviweka namna gani katika hotuba moja?" Mimi naona ni jambo moja. Vyote vitatu ni vitu vyepesi ambavyo tunataka vipokee pigo zito. Na vyote vitatu vinafanya kazi kwa siri moja: ngozi mbili ngumu, na kati yao kitu laini kinachokubali kubonyea.

Nitaanza na pigo lenyewe, halafu mabati, halafu tutarudi kwenye pesa.

Mzigo na pigo si kitu kimoja

Mama anabeba gunia la kilo 50 kichwani toka shamba mpaka nyumbani. Shingo inachoka, lakini haivunjiki. Sasa gunia lilelile mtu alitupe kutoka juu ya kamio limuangukie kichwani. Kilo ni zilezile 50, lakini tutampeleka hospitali, kama si makaburini. Ju ya nini? Ju gunia linalokaa halitaki kusimamishwa. Gunia linaloanguka limekwisha kupata mbio, na mbio hiyo lazima iishie mahali fulani. Ikiisha kwa umbali mfupi, pigo ni kali. Ikiisha kwa umbali mrefu, pigo ni la taratibu.

Hesabu yake si ngumu, hata mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Chukua kimo ambacho kitu kimeanguka. Gawanya kwa umbali ambao kimetumia kusimama. Jibu linakuambia nguvu ya pigo ni karibu mara ngapi ya uzito wa kitu chenyewe.

Munajua namna wapakuzi wanavyoshusha pipa la mafuta toka kwenye kamio. Hawalitupi chini hivihivi, wanaweka tairi nzee. Kamio ina kimo cha mita 1 na sentimita 20 hivi. Tairi inabonyea sentimita 15. Gawanya 120 kwa 15: mara 8. Pipa linahisi kama limebebeshwa mapipa manane. Likianguka juu ya jiwe, bati lake linabonyea sentimita 1 tu: 120 kwa 1, ni mara 120. Hapo pipa linapasuka na mazuti inakwenda kwenye mchanga. Wale wapakuzi hawakusoma fizikia, lakini tairi yao ndiyo somo lote la leo. Tairi haikulishinda pipa kwa ugumu. Imelipatia umbali wa kusimama.

Sasa fanya hesabu hiyo kwa kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 mpaka 5. Mtu aanguke tu pale alipo, kutoka kimo cha mita 1 na nusu, kichwa kipige jiwe. Mfupa ukikubali milimita 2 tu, ni mara 750. Ni kama umeweka juu ya kile kichwa kamio ndogo yenye mzigo wake. Ukiweka kati ya kichwa na jiwe kitu kinachobonyea sentimita 2, hesabu inashuka mpaka mara 75. Jiwe ni lilelile na kichwa ni kilekile. Tofauti ni sentimita 2 za kubonyea. Mukumbuke hizo sentimita 2, tutazirudia.

Ju ya nini mabati mawili

Sasa tuje kwenye kazi yangu. Shika bati moja tambarare kwa ncha mbili ulitikise: linacheza kama nguo. Ndiyo maana bati la nyumba wamelikunja mawimbi. Mawimbi yanalipatia kimo, na kimo ndicho kinachokataa kupinda. Lakini munajua pia kwamba bati la mawimbi ni gumu upande mmoja tu. Ukilikunja kwa upande wa pili linakubali bila ubishi.

Nimekuja na kipande cha kartoni, ile ya boksi la sabuni. Mukipitishe. Angalieni pembeni: karatasi moja juu, karatasi moja chini, na katikati karatasi ya mawimbi. Karatasi tatu ambazo kila moja peke yake mtoto anaipasua, lakini zikishikana zinabeba sabuni za boksi zima. Hiyo ndiyo sandwichi. Jina limetoka kwa mkate wa Wazungu wenye kitu katikati, lakini ufundi wenyewe Mungu aliutangulia. Mfupa wa fuvu la kichwa, ukiukata, ni tabaka mbili ngumu na katikati yake kuna tabaka yenye vitundu kama sponji. Kata shina la mgomba: ndani ni vyumba vidogovidogo vya hewa vyenye kuta nyembamba. Sega la nyuki, hivyohivyo.

Katika mabati, tabaka mbili za nje tunaziita ngozi. Kitu cha katikati tutakiita moyo. Kazi zao zinagawanyika. Paneli ikipinda, ngozi ya upande mmoja inavutwa na ya upande mwingine inasukumwa. Moyo unazishika zisikaribiane na zisiteleze. Kadiri ngozi zinavyokaa mbali, ndivyo paneli inavyokataa kupinda.

Hapa kuna hesabu ambayo hata mimi nilipoifanya mara ya kwanza niliirudia nikidhani nimepotea. Chukua bati zima la chuma la milimita 1. Mita moja ya mraba ina karibu kilo 8. Sasa ligawe kuwa mabati mawili ya nusu milimita, uyatenganishe kwa moyo mwepesi mpaka unene wote ufike sentimita 2. Chuma ni kilekile, kilo 8. Moyo wa povu gumu hauongezi hata kilo moja. Lakini ugumu wa kupinda umepanda zaidi ya mara 1,000. Ukitaka ugumu kama huo kwa chuma kizima bila moyo, utahitaji bamba la milimita 10, na mita moja ya mraba itakuwa na kilo 80 hivi. Nani atabeba mlango huo toka Kindu mpaka hapa wakati wa mvua? Nani ataufungua asubuhi?

Ndiyo maana watu wanaohesabu kila kilo wameupenda ufundi huu. Sakafu za ndege kubwa za abiria zimetengenezwa hivyo: ngozi mbili nyembamba na katikati vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki.

Moyo unakufa ili mwenye nyumba apone

Mpaka hapa nimesema juu ya ugumu. Lakini pigo linataka kitu cha pili: kubonyea kwa utaratibu. Munielewe vizuri hapa, ju watu wengi wanadhani kitu kizuri ni kile kisichobonyea.

Pigo likifika kwenye sandwichi ya chuma, mambo yanakwenda hatua kwa hatua. Kwanza ngozi ya mbele inabonyea pale ilipopigwa, na inatawanya nguvu kwa mahali papana zaidi. Halafu moyo nyuma yake unaanza kukunjika. Kama ni vyumba vya sega, kila ukuta mdogo unajikunja mikunjo mikunjo kama kinanda cha mkono kinavyofungwa. Uzuri wa mikunjo ile ni kwamba nguvu haipandi kwa ghafla. Inakaa karibu palepale muda wote moyo unapokunjika, na mbio ya pigo inaliwa kidogo kidogo. Mwishoni ngozi ya nyuma inavutika kama ngozi ya ngoma, inamalizia kilichobaki. Moyo ukikunjika wote na nafasi ikaisha, kitu kinakuwa kama chuma kizima, na nguvu inapanda mara moja. Kwa hiyo unene wa moyo ndio akiba yako ya kusimama. Ni ile tairi ya wapakuzi, imefungiwa ndani.

Mfano mkubwa kuliko yote uko mwezini. Tarehe 20 Julai 1969, chombo cha Wamarekani cha Apollo 11 kilipotua mwezini, miguu yake ilikuwa na sega la aluminiamu ndani. Sega lile liliwekwa likunjike mara moja tu, wakati wa kutua. Halikuwa na kazi nyingine, na hakuna aliyetazamia lifanye kazi mara ya pili. Na leo, wanaojaribu usalama wa magari wanagongesha gari na kigari ambacho mbele yake wamekifunga sega la aluminiamu, ju wanajua sega linabonyea kwa nguvu inayojulikana.

Moyo ukiwa laini mno, pigo linapita kama kwenye uji na kufika nyuma likiwa na nguvu zake. Ukiwa mgumu mno, haukunjiki, na unapeleka pigo lote upande wa pili kama nyundo. Mtu akivaa sufuria kichwani akaanguka, sufuria haitapasuka. Kichwa ndicho kitakachopasuka. Sufuria ina ngozi lakini haina moyo.

Tena moyo na ngozi lazima viwekwe upande ambao pigo litatoka. Wengi wetu hapa tulirudi toka Tanzania kwa njia ya ziwa, toka Kigoma. Muliopanda meli munajua hofu ile ya usiku katikati ya maji. Basi, meli ya Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa na sakafu ya chini ya tabaka mbili. Lakini ubavuni ilikuwa na tabaka moja, na mlima wa barafu ulipiga ubavu. Siku hizi meli kubwa za kubeba petroli zinajengwa tabaka mbili chini na ubavuni pia, na kati yake nafasi ambayo inaweza kubonyea bila mafuta kumwagika. Kwa hiyo kabla ya kununua, jiulize: pigo langu litatoka wapi?

Mahali ufundi huu unaposhindwa

Sitaki mtu atoke hapa akifikiri nimeuza dawa ya kila ugonjwa. Kuna mambo manne.

La kwanza ni gundi. Sandwichi ni ndoa. Ngozi zikiachana na moyo, kila mmoja anarudi kuwa dhaifu kama alivyokuwa. Joto, maji yanayoingia pembeni, na kutikisika katika barabara yetu vinaweza kuachanisha. Na ubaya wake, kwa nje unaona bati zuri, rangi inang'aa. Mafundi wa ndege wanapima kwa kugonga: wanachukua kitu kidogo cha chuma, wanagonga polepole mahali kwa mahali na kusikiliza. Palipo pazima panalia kwa sauti kali. Palipoachana panalia kama kugonga boksi tupu. Hiyo haidai mashine. Kila mwanachama anaweza kuifanya kwa spana ndogo.

La pili: kitu kilichopokea pigo kimekwisha kutumia akiba yake. Moyo uliokunjika haukunjuki. Ngozi ya nje inaweza kurudi karibu kama zamani, hasa ikiwa ya plastiki, lakini ndani hakuna kitu.

La tatu ni moto. Paneli nyingi zinazouzwa moyo wake ni povu la poliuretani au polistireni. Povu la namna hiyo likishika moto, moshi wake unaua haraka kuliko moto wenyewe. Mtu asichomelee chuma juu ya paneli hizo. Nasema kama fundi: ukitaka kuunganisha, tumia riveti na skrubu.

La nne nitalisema bila kuzunguka, ju hapa kwetu ndilo ambalo watu wananiuliza pembeni. Mlango wa mabati mawili hauzuii risasi. Risasi ni ndogo, ina mbio kali, na nguvu zake zote zinakuja mahali padogo kuliko kidole. Bati la nusu milimita mbele yake ni karatasi, na mabati mawili ni karatasi mbili. Kinachozuia risasi ni unene mkubwa wa mchanga au udongo, kama ile mifuko ya mchanga ambayo askari wa MONUSCO wanajizungushia. Siku ya mlio, musijifiche nyuma ya mlango ju fundi amesema ni mgumu. Laleni chini, kwenye mtaro au bonde. Mlango wa depo ni wa kumchelewesha mwizi mwenye gogo na nyundo mpaka majirani waamke. Kazi yake ni hiyo tu.

Tufanye nini na pesa yetu

Nije sasa kwenye mambo matatu ya komite.

*Milango ya depo.* Tulipewa bei ya milango miwili ya bamba zima zito. Mimi nashauri mabati mawili juu ya fremu ya tubu za pembe nne, na ndani tuweke mbavu za chuma kila sentimita 20, za kusimama na za kulala, ili zifanye vyumba. Katika vyumba hivyo tujaze mbao ngumu iliyokauka na kupakwa dawa ya mchwa. Si povu, ju hatuna povu na tutachomelea. Mbao itakuwa moyo: gogo la mwizi likipiga, bati litabonyea, mbao itakula nguvu, na mlango utabaki mahali pake. Kwenye kufuli na bawaba tuongeze bamba nene, ju mwizi hapigi katikati ya mlango, anapiga penye kufuli. Na fremu ishikwe ndani ya ukuta kwa vyuma virefu na saruji. Mlango mgumu katika ukuta wa udongo ni kazi bure, utaanguka mzima pamoja na fremu yake.

*Chumba cha dawa.* Paneli zina faida ya kweli. Ni nyepesi, zinasafirishwa kwa urahisi, na povu lake linazuia joto la bati, jambo zuri kwa dawa. Lakini kuta zetu za matofali ya kuchoma tunazijua, mafundi tunao, na pesa inabaki kwa vijana wetu. Mimi ningeomba paneli zitumike kwa dari tu, chini ya mabati ya paa. Hapo juu kuna mapigo pia: embe, tawi, mvua ya mawe. Mabati yenyewe tuchukue BG 28, si BG 32. Munajua namba ikipanda bati linakuwa jembamba: BG 32 ni karibu robo milimita, BG 28 ni karibu milimita 0.4. Na miti ya paa isiachane mno. Mafuta ya taa na makaa yasikae katika chumba hicho, ju ya ule moshi niliosema.

*Kaske.* Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane zaidi, ju mlango ukishindwa tunapoteza mchele, lakini kaske ikishindwa tunakwenda kuzika.

Kaske si ya chuma, lakini imejengwa kwa akili ileile. Nje kuna ngozi ngumu. Ndani kuna moyo wa povu gumu la polistireni, lenye unene wa sentimita 3 au 4. Kitambaa laini kinachogusa nywele si kinga, ni starehe tu. Zile sentimita 2 za kubonyea nilizosema ziko katika povu lile.

Wakati wa mvua iliyopita, kijana mmoja wetu aliteleza kwenye daraja la magogo. Kaske yake ilipiga gogo. Yeye alisimama, alitikisa kichwa, akafika nyumbani kwa watoto wake. Wiki mbili baadaye mtu mwingine aliniletea kaske ileile kwenye atelie. Alikuwa ameinunua sokoni kwa bei ndogo, akaniomba nizibe ufa kwa riveti. Nilitoa kitambaa tukaangalia ndani. Povu la upande wa kulia lilikuwa limebonyea mpaka unene wa bamba la sabuni iliyokwisha. Nilimwambia: "Ndugu, kaske hii imekwisha kufanya kazi yake. Imemwokoa mwenzako. Wewe haitakuokoa, ju haina kitu tena cha kutoa." Nilikataa kuiziba. Aliondoka akinung'unika, na mimi sijui kama aliitupa.

Kwa hiyo naomba mkutano ukubali mambo matatu. Kila pikipiki ya mkopo itoke na kaske mbili, ya dereva na ya abiria. Kaske iliyopata ajali irudishwe kwa komite, ikatwe kwa msumeno vipande viwili mbele ya watu, na mwenyewe apewe nyingine. Na mkanda wa kidevu ufungwe, ju kaske isiyofungwa inaruka kabla ya kichwa kufika chini.

Nimemaliza. 

Maswali

*Mama mmoja wa Kasongo aliuliza:* Fundi, umesema kaske ikianguka mara moja inatupwa. Sisi hatutupi hata sufuria iliyotoboka. Pesa ya kununua nyingine itatoka wapi?

Mama, swali lako ni la haki. Nami sisemi iliyoanguka toka mezani itupwe. Nasema iliyopiga chini ikiwa na kichwa ndani. Juu ya pesa, nashauri kila mwenye mkopo atoe kidogo pamoja na malipo yake ya kila wiki, iwe likelemba ya kaske. Asiyeanguka anamsaidia aliyeanguka. Ndivyo chama hiki kilivyoanza: tuliporudi tukakuta nyumba zimechomwa, hakuna aliyejenga peke yake.

*Kijana mwendesha pikipiki:* Abiria wanakataa. Wanasema kaske ina joto, na wanaogopa ugonjwa wa ngozi toka kwa aliyeivaa mbele.

Weka vitambaa safi vichache mfukoni, abiria afunge kichwa kwanza, halafu avae. Kitambaa cha ndani kifuliwe kwa maji na sabuni. Lakini usisafishe povu kwa petroli wala kwa tineri: vinaliyeyusha, nalo ndilo moyo. Na usiache kaske juani kutwa, wala usiitundike kwenye kioo cha pikipiki, kioo kinachimba povu polepole.

*Mgeni mmoja, mfadhili:* Sisi tulidhani paneli ni msaada mkubwa zaidi kuliko kaske. Kwenye ripoti, jengo linaonekana. Kaske iliyokatwa msumeno itaonekana namna gani?

Mzee, nakuelewa. Jengo linapigwa picha. Basi mutupatie daftari. Kila kaske itakayokatwa tutaandika tarehe, mahali pa ajali, na kama aliyeivaa alirudi nyumbani. Kila mstari wa daftari lile ni kaske iliyokufa badala ya mtu. Mimi naona ripoti hiyo inasomeka vizuri kuliko picha ya dari.

*Mzee wa Kabambare:* Na ile milango, itachukua siku ngapi?

Nikipata mabati na tubu, na jenereta ikikubali, wiki mbili kwa milango miwili. Lakini nitaomba vijana wawili wa chama wawe pamoja nami tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Sipendi chama kiwe na milango bila watu wanaojua kuitengeneza.

*Baada ya maswali mkutano ulipiga kura kwa kuinua mikono. Mlango wa mabati mawili na likelemba ya kaske vilikubaliwa. Jambo la paneli za dari litarudi kwenye mkutano ujao, wafadhili wakisha kuleta bei. Mwanachama mwenye kaske iliyopata ajali anaombwa ailete kwa komite. Hataulizwa aliipata wapi.*